Katekista Apanda Mlima kwa Gari la Moshi



Tangu turudi kutoka Ulaya watu wengi wananisimamisha njiani na kuniuliza, "Karani, huko uliona nini?" Niliona mengi, na mengine nimekwisha kuyasahau. Leo nitawasimulia siku moja tu, siku ya mwezi wa Oktoba 2024 tulipopanda Mlima Rigi katika nchi ya Uswisi. Lakini kwanza sina budi kuungama.

Parokia yetu iko Ulanga, nayo ina urafiki wa siku nyingi na parokia moja ya mkoa wa Luzern. Marafiki wale waliandika kualika wageni wawili. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa ndiye nisomaye barua zao na kuzijibu. Kuwa mtu wa pili, Baba Paroko alimtaja Mzee Katekista wetu, mwenye umri wa miaka 77. Halmashauri ikanung'unika. Mzee ana mguu mbovu tangu alipoanguka na baiskeli akienda kigangoni. Hutembea kwa mkongojo, na vidato vitatu vya mlango wa kanisa letu humchukua muda wa Salamu Maria nzima. Mjumbe mmoja akasema kwamba tiketi ya ndege si kitu cha kumpa mtu asiyeweza kutembea. Afadhali apewe kijana, aone na kujifunza. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, nikanyamaza. Lakini moyoni nilikuwa upande wa yule mjumbe. Niliwaza, kwenye milima ile nitambeba mgongoni?

Baba Paroko akasema, "Mzee amefundisha katekisimu zaidi ya miaka 50, wala hajapata kuomba kitu. Safari hii ameomba." Mashauri yakaisha.

Na alichoomba kilikuwa kidogo. Alitaka kufika kwenye kikanisa kimoja kilichoko ubavuni mwa Mlima Rigi, mahali paitwapo Klösterli, asali kwa ajili ya mwanamke ambaye hata jina lake halijui.

Wazee wa kwetu wanawakumbuka Mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi. Walifika Tanganyika mwaka 1921, wakashika kazi iliyoachwa na Wabenediktini Wajerumani kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo wakaja na Masista wa Baldegg, ambao nyumba yao kuu iko katika mkoa huo wa Luzern. Mmoja wa Mapadre hao alimfundisha Mzee wetu kusoma mwaka 1955, alipokuwa mtoto wa miaka minane. Siku moja Padre aliingia darasani na barua mkononi. Alifundisha hesabu kama kawaida mpaka mwisho, kisha akawaambia watoto kwamba mama yake amekufa na kwamba amekwisha kuzikwa. Barua ilikuwa imekaa melini majuma mengi.

Ndipo akawasimulia. Alipokuwa mtoto alishikwa na ugonjwa wa kifua, na mama yake hakuwa na nguvu za kumbeba mpaka Klösterli. Akauza siagi, akalipa nauli ya gari la moshi lipandalo mlima, akamfikisha mbele ya Bikira Maria wa Theluji na kumwombea. Pesa ilitosha kufika hapo tu. Kilele hawakukiona. Watoto wakauliza theluji ni nini, naye akasema ni kama pamba inayoanguka kutoka mawinguni, ila ni baridi na ukiishika huwa maji. Hilo walilikubali. Lakini gari la moshi lipandalo mlima walicheka, wakadhani ni hekaya ya kuwafurahisha.

Padre yule hakurudi kwao. Amezikwa kwenye makaburi ya misioni. Basi Mzee wetu alikuwa ameliweka jambo hilo moyoni karibu miaka 70.

Siku ya safari tulitoka mji wa Luzern asubuhi kwa meli ya ziwani, mwendo wa saa moja hivi, tukashuka kijiji cha Vitznau. Ukungu ulikuwa mzito, hata mlima wenyewe hatukuuona. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, alisema, "Msiogope, mwezi huu mara nyingi huwa hivi." Mimi nilimfasiria Mzee, lakini niliona kwamba siku imekwisha kuharibika. Nauli peke yake ingeweza kununua mbuzi, na tunakwenda kutazama ukungu!

Stesheni iko hapohapo gatini. Gari ni jekundu. Kwa mazoea twaliita gari la moshi, lakini halina moshi, kwa kuwa njia hii ya Vitznau huendeshwa kwa umeme tangu mwaka 1937. Mzee hakupanda mara moja. Alisimama, akainama juu ya mkongojo wake, akatazama reli. Akaniita, "Karani, njoo uone. Hapa katikati wameweka ngazi."

Na kweli ni ngazi. Hapa naomba uvumilivu wenu, maana bila kueleza jambo hili safari yote haieleweki. Gari la moshi la kawaida, kama lile la TAZARA lipitalo Ifakara, lina magurudumu laini ya chuma juu ya reli laini ya chuma. Penye mwinuko mkali magurudumu huzunguka bure bila kusogea, kama baiskeli kwenye utelezi wa masika. Kwa hiyo reli za kawaida huzungukazunguka vilima na kupanda kidogokidogo. Lakini Rigi haina nafasi ya kuzunguka. Mahali pengine, kila ukienda mbele mita 100, unapanda mita 25. Basi katikati ya zile reli mbili wamelaza ngazi ya chuma iliyokazwa imara ardhini, na chini ya gari kuna gurudumu lenye meno. Kila jino huingia kati ya vidato viwili, hushika, huvuta, na jino lifuatalo hushika tena kabla la kwanza halijaachia. Gari linapanda ngazi kama sisi tupandavyo mnazi kwa kushika pale palipochongwa.

Aliyebuni ngazi hii ni Niklaus Riggenbach, aliyezaliwa Alsace mwaka 1817. Alikuwa fundi wa injini, na baadaye mkuu wa karakana ya reli katika mji wa Olten. Huko aliziona injini zikiteleza kwenye miinuko, akatafuta dawa. Alipata hati ya uvumbuzi wake Ufaransa mwaka 1863. Kwa miaka mingi hakupata watu wa kumpa fedha za kuijenga. Wamarekani wakatangulia na reli yao ya meno, iliyofika kilele cha Mount Washington mwaka 1869. Ndipo Waswisi wakaamka, na tarehe 21 Mei 1871, siku Riggenbach alipotimiza miaka 54, reli ya Vitznau ikafunguliwa. Ilikuwa reli ya kwanza ya mlimani katika Ulaya nzima. Mwanzoni iliishia Staffelhöhe, kwenye mpaka wa mkoa wa Luzern, kwa sababu kilele kiko mkoa mwingine, Schwyz, nao hawakuwa tayari kuachia faida iende kwa jirani. Ilifika kileleni mwaka 1873. Mwaka 1875 ikafunguliwa na ya pili, kutoka Arth upande wa pili wa mlima, ipitayo Klösterli. Kwa hiyo mlima mmoja ukawa na reli mbili, matunda ya ugomvi wa mipaka. Sisi wa vigango tunaoshindania kisima tusiwacheke.

Injini za kwanza zilikuwa za ajabu kutazama. Tangi lao la maji ya moto lilisimama wima kama chupa. Sababu yake mama yeyote wa jikoni anaijua: ukiinamisha chungu, maji hukimbilia upande mmoja na upande wa pili huungua. Tangi likilazwa, kwenye mwinuko ule maji yangeukimbia moto. Injini moja ya namna hiyo, namba 7, iliyoundwa mwaka 1873, imehifadhiwa mpaka leo.

Mzee akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo, ila niliona haya kuuliza. "Kupanda nimeelewa. Na kushuka je? Likikimbia?" Mwalimu akacheka, akaeleza kwamba tangu zamani injini haikukaa mbele ya behewa bali nyuma, upande wa bondeni. Ikipanda husukuma, ikishuka huzuia, kama mtu anayeshusha pipa kilimani akiwa chini yake. Tena Riggenbach alitengeneza breki ya hewa: wakati wa kushuka, injini haikusukumwa na mvuke, bali ilishindilia hewa ndani yake, na hewa ile ikaleta upinzani. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma, utaelewa. Siku hizi mota za umeme hufanya kazi hiyo, na gari linaloshuka hurudisha umeme kwenye waya, ukasaidia linalopanda. Mzee alitikisa kichwa, akapanda. Kidato cha gari kiko chini, karibu sawa na sakafu ya stesheni. Hakuhitaji mkono wangu.

Tukaondoka. Kwanza ni bustani na nyumba, kisha msitu, kisha daraja liitwalo Schnurtobel juu ya korongo, na chini hapaonekani kitu ila ukungu mweupe. Unakaa umeegemea nyuma kama mtu aliye kwenye kiti cha kupumzikia. Mlio wa meno chini ya miguu ni wa namna moja, haubadiliki. Mzee alikuwa ameshika rozari mfukoni, nami nilijua kwa vidole vyake kwamba yuko fumbo la tatu.

Mara ukungu ukawa mwepesi, ukawa na rangi ya maziwa, halafu ya dhahabu, na ghafula tukatoka. Sijui nilinganishe na nini. Juu, mbingu ya buluu isiyo na hata alama. Chini, ule ukungu tuliotoka ndani yake umetandaa mpaka upeo wa macho kama bahari, na vilele vimechomoza kama visiwa. Watu wote garini, hata Waswisi wenyewe walioyazoea, walinyamaza. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Pamba."

Kutoka ziwani mpaka stesheni ya juu, Rigi Kulm, ni karibu kilomita 7, na siku hizi ni safari ya nusu saa hivi. Lakini stesheni si kilele. Kutoka hapo kuna njia ya kupanda kwa miguu, dakika chache kwa mtu mzima wa afya. Nikamwambia Mzee, "Hapa panatosha, Mzee. Tumekwisha kuona. Tungoje gari la Klösterli."

Akanitazama. "Mama yake Padre pesa haikumtosha kufika huku, wala mtoto wake hakufika. Mimi nimelipiwa. Twende."

Alipanda hatua kumi, akapumzika. Hatua kumi, akapumzika. Watalii walitupita, wengine wakasalimu. Mwalimu alikuwa nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa. Mimi nilikwenda mbele nikiwa na mkoba, na kila nilipogeuka nilikumbuka ule mkutano na kumbukumbu nilizoziandika kwa kalamu yangu mwenyewe. Tulitumia karibu nusu saa, tukafika.

Kilele cha Rigi kina urefu wa mita 1,798. Najua wapo watakaocheka. Mji wa Njombe, pamoja na soko lake na kanisa kuu lake, uko juu kuliko hapo, na Kilimanjaro yenye mita 5,895 ingezimeza Rigi tatu. Lakini nchi ile iko mbali sana na ikweta, hivyo wakati wa kipupwe theluji hufunika hata kijiji kilicho kando ya ziwa. Na sifa ya Rigi haitokani na urefu. Imesimama peke yake kati ya maziwa, mbele ya milima mirefu, kama mtu aliyepewa kiti cha mbele. Upande wa kusini tuliona safu nzima ya milima ya theluji. Mwalimu alitaja majina: Eiger, Mönch, Jungfrau. Mönch maana yake Mtawa, na Jungfrau maana yake Bikira. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo, akataka nirudie. Huko nako ipo reli ya meno, ipitayo ndani ya mwamba mpaka stesheni yenye mita 3,454, tangu mwaka 1912. Lakini nauli yake hatukuuliza.

Watu wamekuwa wakipanda Rigi tangu zamani ili kuona jua likichomoza. Malkia Victoria wa Uingereza alipanda mwaka 1868, kabla ya reli. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alisimulia katika kitabu cha mwaka 1880 jinsi alivyojikongoja kwa miguu siku tatu, akapitiwa na usingizi hotelini, akakimbia nje na blanketi kulitazama jua linachomoza, kumbe linazama. Na wasioweza kutembea walibebwa. Vijana wa vijiji vya ziwani walikuwa na kazi hiyo: kuwapandisha mabwana na mabibi kwenye viti vyenye miti miwili mabegani, au kukodisha farasi. Reli ilipofika, viti vile vikawekwa ghalani. Baadhi yao walipata kazi mahotelini na kwenye reli yenyewe, lakini nadhani hapakukosa nyumba zilizolala na njaa mwaka ule. Namna ya watu waliobebwa pia ikabadilika. Zamani alibebwa mwenye fedha ya kuwalipa wachukuzi. Baada ya mwaka 1875 mama mwenye siagi ya kuuza aliweza kumpandisha mtoto mgonjwa.

Upande wa mashariki Mwalimu alituonyesha mlima uitwao Rossberg, wenye jeraha refu ubavuni ambalo miti haijalifunika vizuri hata leo. Tarehe 2 Septemba 1806, baada ya mvua nyingi, ubavu ule uliteleza ukafunika kijiji cha Goldau. Watu 457 walikufa. Milima hii miwili imeumbwa kwa kokoto zilizogandamana, ungedhani ni zege la fundi, na katikati yake pana tabaka za udongo laini. Maji yakiingia, tabaka hulainika kama sabuni. Nilimkumbusha Mzee habari za Katesh, Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang. Akavua kofia. Tulisimama hapo muda kidogo bila kusema, kisha akaanzisha "Raha ya milele uwape ee Bwana", nasi tukaitikia, Mwalimu kwa Kijerumani.

Kushuka tulichukua gari la buluu, la upande wa Arth. Klösterli si mbali. Ni nyumba chache ndani ya bonde dogo la malisho, na katikati yake kanisa jeupe. Kikanisa cha kwanza kilijengwa hapo mwaka 1689, kwa ajili ya wachungaji wa ng'ombe waliokaa juu malishoni wakati wa kiangazi wakakosa Misa. Mahujaji walipozidi kikajengwa kikubwa zaidi, na Wakapuchini ndio waliowahudumia kwa miaka mingi. Jina la Bikira Maria wa Theluji latoka Roma. Husimuliwa kwamba katika karne ya nne theluji ilianguka juu ya kilima cha Eskwilino tarehe 5 Agosti, katikati ya joto, kuonyesha mahali Mama wa Mungu alipotaka kanisa lijengwe.

Ndani palikuwa na baridi na kimya. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi nyuma. Mzee wetu hawezi kupiga magoti, basi aliketi benchi la mbele, akaweka mkongojo sakafuni, akaanza rozari kwa sauti kama afanyavyo kigangoni. Nami nikaitikia. Kufika Salamu Maria ya nne nilisikia sauti ya tatu. Yule bibi alikuwa anaitikia kwa Kijerumani. Kiswahili hajui hata neno moja, lakini nadhani aliitambua sala kwa mwendo wake, naye hakukosea mahali pa kuingia.

Sasa nitasema ukweli. Fumbo la tatu nilitazama saa. Gari letu lilikuwa karibu kufika, na lifuatalo ni baada ya saa nzima, tena jioni tulialikwa chakula. Niliinuka nusu ili nimguse bega. Mwalimu akanishika mkono wa koti, akatikisa kichwa. Nikaketi. Gari likaja, tukasikia milango ikifunguka na kufungwa, likaenda zake. Mzee akamaliza mafumbo yote matano, na Litania ya Bikira Maria kwa moyo, bila kitabu. Mwisho akasema, "Na mama yake Padre, ee Bwana, uliyemjua jina." Kisha akakaa kimya.

Nje, yule bibi alimshika Mzee mkono kwa mikono yake miwili akasema maneno mengi. Mwalimu alitaka kufasiri, Mzee akamwambia hapana haja. Tulingoja stesheni ile saa nzima. Ukungu ulikuwa umepanda karibu na miguu yetu. Kengele za ng'ombe zilisikika, lakini ng'ombe wenyewe hawakuonekana. Mzee akaniuliza kama nimeandika, nami nikasema nimeandika. Akauliza, "Umeandika na ile ngazi?" Nikamwambia hiyo nitaiandika kwanza.

Tiketi yake hajaitupa. Ameiweka ndani ya Misale yake, kwenye ukurasa wa tarehe 5 Agosti, na watoto wa mafundisho wakikataa kusadiki kwamba liko gari la moshi lipandalo ngazi, huifungua akawaonyesha.